Nilivyoinua pikapu, nikaishia Gerezani

Msomaji wangu, usishtuke na kichwa cha habari. Sikushikwa na polisi wala sijamdhulumu mtu. Gerezani ninayoisema ni ile ya Kariakoo, kule mwisho wa mabasi ya mwendokasi, ambako nyundo zinaanza kulia kabla jua halijapanda na ukiuliza bei ya bolti moja unajibiwa na watu saba. Huko ndiko nilikopelekwa na pikapu yangu. Na kama kuna siku niliona aibu ya gari katika maisha yangu, basi ni hiyo.

Nianze nyumbani. Mimi naishi Upanga, kwenye moja ya zile ghorofa za zamani zenye ngazi pana na roshani za nondo, ambazo nyingi zilichukuliwa na serikali mwaka 1971 na wapangaji wakaingia. Upanga ni mtaa wa kimya kwa viwango vya Dar. Kuna miti, kuna Muhimbili, kuna ukumbi wa Diamond Jubilee, na jioni kuna watu wazima wanaotembea kwa ajili ya sukari na presha. Lakini Upanga ina ugonjwa wake mmoja: magari. Ukikaa roshani jioni unaona kila aina. Na katika miaka ya karibuni limezuka balaa la kuinua pikapu. Kijana ana Hilux mpya, hajawahi kutoka nayo Mwenge, lakini ameipandisha juu mpaka ukitaka kumsalimia inabidi uangalie mbinguni. Madigadi yamechongwa, matairi yametoka nje kama mabega ya mnyanyua vyuma, na pembeni ya kioo kuna mkonga wa kuvutia hewa. Mkonga! Barabara ya Umoja wa Mataifa huwa inajaa maji, sikatai, lakini siyo kiasi hicho.

Basi na mimi nikaona wivu. Lakini haki ya Mungu, haukuwa wivu peke yake.

Mke wangu ni Mrufiji. Kwao ni kijiji kimoja cha ndani upande wa Muhoro, ng'ambo ya Mto Rufiji ukitokea Dar. Unapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, halafu unaiacha lami. Hapo ndipo kimbembe kinapoanza. Ule udongo ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unageuka kuwa ugali wa moto.

Aprili 2024 mnaikumbuka. Rufiji ilifurika, watu walikimbia nyumba zao, mashamba yakawa bahari. Katika siku hizo hizo baba mkwe akafariki. Simu ilikuja usiku, saa kumi alfajiri tulikuwa tumeshatoka Upanga, mimi, mke wangu na shemeji yangu mmoja, ndani ya Hilux yangu kuukuu. Lami tuliimaliza vizuri. Baada ya lami tulikwenda kama kilomita sita, gari likaketi. Nasema likaketi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: malori yaliyotangulia yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu, katikati kukabaki tuta, na pikapu ikalalia tuta lile kwa difu. Magurudumu yanazunguka kama feni, gari haliendi mbele wala nyuma. Tulichimba kwa mikono na sufuria. Shemeji alivunja matawi mpaka viganja vikachubuka. Tulitolewa na trekta kesho yake.

Mazishi yetu hayasubiri. Tulifika marehemu kashazikwa jana yake alasiri. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na afadhali angenilaumu. Alikwenda kaburini akakaa, akarudi, akaniuliza kama nimekula.

Sasa unaelewa kwa nini nilivyorudi Upanga na kuona vijana wameinua magari yao nilisimama kutazama. Nilijiambia: hili halitatokea tena. Mama mkwe yupo, ana umri, macho yanamsumbua na kliniki yake ni Muhimbili, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Kumleta kiangazi si tatizo. Masika je?

Hapa nikafanya kosa la kwanza. Nikaenda gereji moja ya uchochoroni, siitaji jina wala mtaa, nikamwambia kijana mwenye nayo: "Inua." Akaniuliza swali moja tu: "Inchi ngapi bosi?" Nikasema nne, kwa sababu jirani yangu alisema yake ni nne. Kijana akatabasamu. "Tukufanyie sita, iwe bomba?" Na mimi mtu mzima na akili zangu nikasema sawa.

Siku tatu gari likawa tayari. Na lilikuwa bomba kweli, nisiwe mnafiki. Nilipiga misele kutoka Faya mpaka Palm Beach, nikarudi, nikapita tena. Watoto wa shule walinipungia. Jirani yangu alitoka roshani.

Lakini gari lilikuwa na tabia mpya. Usukani ulikuwa unazurura: ukinyoosha kwenda mbele, lenyewe linataka kwenda kumsalimia mtu pembeni. Kwenye kona lilikuwa linalala kama mlevi. Na breki... breki nilikuwa nazikanyaga, pua inachimba chini, nyuma hakuna kinachoshika. Nikajisemea nitazoea.

Sikuzoea. Jumamosi moja asubuhi, mwezi Februari 2025, nilikuwa Mtaa wa Msimbazi, mvua ndogo imenyesha, lami inateleza. Mbele yangu mkokoteni umejaa marobota ya mitumba, kijana anausukuma amenipa mgongo. Nikakanyaga breki. Magurudumu ya mbele yakajifunga, gari likateleza zima zima kama limepakwa sabuni. Sijui kilichonisaidia ni nini, labda dua za mama yangu, maana nilisimama bampa likiwa limegusa robota la nyuma kabisa. Kijana aligeuka. Hakunitukana. Alilitazama gari kutoka chini mpaka juu, akasema kwa upole ule unaouma kuliko tusi: "Mzee, hilo gari refu, peleka Gerezani likaangaliwe."

Nikaegesha pale pale nilipopata nafasi. Nikalipia maegesho, nikashuka (unashuka kwenye gari lile kama unashuka mnazi) na nikaanza kutembea.

Kutoka Faya kwenda Gerezani ni mstari mmoja, Mtaa wa Msimbazi, ukifuata njia ya mwendokasi iliyoanza kazi mwaka 2016. Lakini usiufuate mstari, utakosa uhondo. Ingia ndani. Pita Kongo, pita Mtaa wa Sikukuu, zunguka karibu na soko kubwa lile lililoungua Julai 2021. Utakanyagwa, utauziwa soksi, chaja, karanga na dawa ya mende kabla hujafika mtaa wa pili. Kila mtu amebeba kitu. Kuna anayebeba friji kichwani. Kuna mkokoteni umebeba sofa, na juu ya sofa amekaa mwenye sofa.

Na si ajabu, maana mtaa wenyewe ulizaliwa kwa kubeba. Mwingereza alipouteka mji huu mwaka 1916, mahali hapa palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi lake, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikakigeuza Kariakoo, na jina likabaki. Wapagazi wale walipelekwa kusini kumfuata Mjerumani, na mwanzoni mwa 1917 jeshi likakwama. Unajua wapi? Rufiji. Mvua za mwaka ule zilikuwa kali, malori ya Mwingereza yakazama kwenye mfinyanzi ule ule uliozamisha yangu, ikabidi mizigo ipande kwenye vichwa vya watu. Vita ilipokwisha, makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wamekufa katika Afrika Mashariki yote, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Ile Sanamu ya Askari mjini, iliyowekwa mwaka 1927, ipo kwa ajili yao pia. Nilipokuwa nakatiza kati ya mikokoteni nililifikiria hilo, na nikaona shida yangu ni ya zamani kuliko Toyota.

Gerezani utaijua kwa pua. Harufu inabadilika kutoka viungo na vitambaa kwenda grisi, chuma kilichochomwa na chai ya tangawizi. Maduka ya spea yamepangana, na nje ya maduka, chini, ndiko kwenye mali hasa: shokapu, bushi, bolti za U, springi zimelazwa juu ya magunia kama mihogo. Nikauliza fundi springi. Nikaoneshwa mzee mmoja mwembamba amevaa ovaroli lililokuwa la bluu zamani, amekaa mbele ya fuawe iliyotengenezwa kwa kipande cha reli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Nikamwambia nimeliacha Msimbazi, nimeliogopa. Hakucheka. Akamtuma kijana wake tukaenda naye kulichukua polepole. Lilipofika mzee akainuka, akalizunguka mara moja mikono nyuma. Akachuchumaa, akachungulia chini. Alipotoka alikuwa na swali ambalo katika pilika zangu zote hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Unataka kwenda nalo wapi?"

Nikamweleza. Rufiji, mfinyanzi, baba mkwe, yote. Sijui kwa nini nilimwambia mpaka habari ya kaburi.

"Na utabeba nini?"

"Mama mkwe."

"Haya. Njoo chini huku."

Msomaji, nilivua shati langu la Jumamosi nikaingia uvunguni. Nakueleza nilichooneshwa, maana pengine na wewe una mpango wa kuinua.

Kwanza, springi. Hilux yangu ni ile ya namba LN106, ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, injini ya 3L ya dizeli, na sifa yake kubwa ni kwamba ina springi za mabapa mbele na nyuma na ekseli nzima mbele. Gari gumu, halina raha lakini halina maneno. Yule kijana wa gereji alizipasha springi zangu moto kwa gesi mpaka zikawa nyekundu, akazikunja upya, akaziacha zipoe zenyewe. Mzee akanionesha rangi ya buluu iliyobaki kwenye chuma. "Chuma cha springi kina ugumu wake kilichopewa kiwandani," akasema. "Ukikichoma hivi umeuondoa. Leo kimesimama, baada ya mwezi kitalala, na siku ukipakia mzigo kitakatika." Nyuma, kati ya ekseli na springi, kulikuwa na vipande vya chuma vilivyochomelewa kimoja juu ya kingine ili kupata zile inchi za kutambia. Mzee alikigonga kimoja kwa nyundo ndogo. Kilitoa sauti ya kopo.

Pili, usukani. Mbele kijana alikuwa amerefusha vile vyuma vinavyoning'iniza springi kwenye chesesi. Ukivirefusha upande mmoja tu, ekseli inajipindua kidogo, na magurudumu ya mbele yanapoteza ile pembe inayoyafanya yapende kwenda mbele. Ndiyo maana gari lilikuwa linazurura.

Tatu, na hapa nilihisi baridi mgongoni, breki. Juu ya ekseli ya nyuma kuna kifimbo chembamba cha chuma kinachopanda mpaka kwenye valvu ya breki. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia magunia, nyuma inashuka, kifimbo kinasukumwa, valvu inaruhusu breki za nyuma zikamate zaidi. Gari likiwa tupu nyuma iko juu, valvu inazipunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Sasa wewe ukiinua nyuma kwa inchi sita bila kugusa kifimbo, valvu inadhani gari ni tupu siku zote, tena tupu kuliko utupu. Breki za nyuma zinabaki mapambo.

"Ungepakia watu," mzee akasema, "wangekufa na breki mpya."

Nilimfikiria yule kijana wa mkokoteni. Nikamfikiria mama mkwe. Nikaomba maji ya kunywa.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni cha nne. Mzee alichukua mti akausimamisha chini ya difu, akauwekea alama. "Hapa ndipo uliponasa, sivyo?" Ndivyo. "Basi hapa hapajainuka hata nukta." Nilibisha! Gari limepanda inchi sita, mtaa mzima umeona! Akanieleza kama anamweleza mtoto. Springi iko juu ya ekseli. Ukiiongeza unainua bodi na chesesi, lakini ekseli na difu lake vinabaki pale pale vilipo, vimekaa juu ya magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Na tairi lenyewe ni bahili: likiongezeka kipenyo, difu linapata nusu tu. Matairi yangu yalikuwa ya kama inchi 29. Ukiweka 7.50 ya rimu 16, ambayo inakaribia inchi 31 na nusu, umeongeza mbili na nusu, lakini chini ya difu umepata inchi moja na robo.

Yaani nilikuwa nimelipa pesa ili bodi liwe mbali na tope na difu libaki ndani yake.

"Sasa kuinua springi kuna faida gani?" nikauliza kwa hasira kidogo.

"Ni ya kulitafutia tairi kubwa nafasi. Basi. Inchi mbili zinakutosha. Nafasi nyingine tunaitafuta kwenye madigadi."

Tukapatana. Alitaka laki tatu kwa kazi ya springi zote nne, tukamalizana kwa laki mbili na nusu pamoja na mabapa mawili ya kuongeza, na bolti za U mpya, maana za zamani zikishafunguliwa zimeshavutika na hazirudishwi. Alinitafutia springi nyingine zilizotoka kwenye Hilux kama yangu. Kila bapa alilipiga likiwa baridi, nyundo baada ya nyundo, vidogo vidogo, akisogeza sentimita moja, anapima kwa chaki aliyochora sakafuni, anapiga tena. Nilihesabu nikachoka. Kazi ya siku mbili, na sauti yake inakuingia kwenye meno. Shokapu tukanunua ndefu zaidi, kwani za zamani zingefika mwisho wa urefu wao kila gari linapoachia mguu, zikang'oka. Mipira ya breki akainyoosha gari likiwa limening'inia kwenye jeki, kuhakikisha haivutiki. Kile kifimbo akakitengenezea kishikio kipya, akakipandisha kwa kadiri ile ile gari lilivyopanda. Akanituma nikajaribu breki mara nne kwenye uwanja wa vumbi kabla hajaniruhusu kuingia barabarani.

Madigadi yalikuwa kazi ya fundi bodi, kijana jirani yake. Huyu ni msanii, sina neno jingine. Hakuanza kukata kama walivyofanya kwa jirani yangu wa Upanga, aliyekatiwa kwa kukadiria na sasa mlango wake wa mbele haufungi vizuri. Kijana alifunga tairi jipya, akapandisha gurudumu moja juu ya gogo ili springi ibonyee mpaka mwisho, akazungusha usukani wote kulia, akachora chaki pale tairi linapotaka kugusa. Akazungusha kushoto, akachora tena. Kisha akaongeza upana wa vidole vitatu. "Vidole hivi ni vya tope," akaniambia. "Tope nalo lina unene wake." Ndipo grainda ikalia. Ukingo wa ndani hakuukata wote, aliukunja kwa nyundo kuelekea ndani, akauchomelea kidogo kidogo ili bati lisipinde kwa joto, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kona za bampa la mbele alizichonga pia.

Tairi likawa limechungulia nje kidogo, na tairi linalochungulia hurusha mawe na tope kwa wenzako. Madukani kuna vile vipanuzi vya plastiki, bei yake inatisha. Kijana akachukua tairi kuukuu, akakata utepe mrefu kwa kisu cha fundi viatu, akaufunga kwa bolti kuzunguka madigadi. Sisi pale tukaziita nyusi. Gari likawa na nyusi nne nyeusi nzito, limekunja uso kama mwenye nyumba tarehe moja.

Nilipokuwa nasubiri rangi ikauke nilisoma soma kwenye simu. Kumbe huko Iceland, nchi ya barafu, kuna kampuni iitwayo Arctic Trucks iliyoanza mwaka 1990, kazi yake ni hii hii. Wanakata madigadi ya Hilux wanaingiza matairi ya inchi 38, na mwaka 2007 magari yao yalitumika na Waingereza wa kipindi cha Top Gear kwenda mpaka mahali ilipokuwa ncha ya kaskazini ya sumaku mwaka 1996. Siri yao kubwa ni upepo: wanautoa kwenye tairi mpaka linalala kama chapati, linaelea juu ya theluji. Nikamwambia mzee. Akasema madereva wa malori ya Rufiji wanafanya hivyo tangu yeye kijana, ila hawana televisheni.

Mambo mawili alinionya kabla sijaondoka. Moja, ile saa ya mwendo sasa inadanganya: tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo ikisoma 80 wewe uko kama 87. Mweleze hivyo trafiki uone kama atakuelewa. La pili, taa. Gari likipanda taa nazo zinapanda, unawamulika wenzako machoni. Tulizishusha mbele ya ukuta palepale. La bima nililifikiria mwenyewe, nikaenda kuwaeleza ofisini kwao kilichobadilika. Yule binti wa kaunta alitoka nje kulitazama gari, akarudi akisema "mh."

Upanga nilipokelewa kwa huzuni. Jirani yangu alishuka, akalizunguka. "Mbona limeshuka?" Nikamwambia limepona. Akanitazama kama mtu aliyefiwa.

Aprili 2025, wiki ya pili, simu ikaja: tarehe ya kliniki ya mama imefika na mvua inanyesha. Nikamtazama mke wangu. Akaanza kufunga chupa ya chai bila kuniuliza.

Tulitoka usiku tena, njia ile ile. Mbagala, Mkuranga, Kibiti kunakucha. Tulipoiacha lami nilisimama nikatoa upepo kwenye matairi kutoka 35 mpaka 20, nikafunga magurudumu ya mbele kwenye fowili, gia nzito. Mke wangu alikuwa kimya, mkono umeshika mlango. Tulipofika kwenye ile mifereji (si ile ile, lakini mifereji ni ndugu) nilisikia difu linakwaruza tuta: krrrr. Moyo ukasimama. Inchi moja na robo, msomaji. Gari likasita, tairi likauma, tukapita. Mke wangu akaachia mlango. Akasema, "Endelea kukanyaga, usiangalie huku." Nilikuwa nimemwangalia.

Karibu na kijiji kulikuwa na bonde dogo limejaa maji. Watoto wakaingia na fimbo kutuonesha kina: kifuani kwa mtoto wa miaka kumi. Zamani kidogo, na inchi zangu sita, najua ningejaribu. Mzee wa Gerezani alikuwa ameshanijibu hilo nilipomuuliza kama sasa naweza kuvuka maji: "Bosi, hilo bado ni gari, si mtumbwi." Nikaegesha. Mke wangu akavua viatu akapita pembeni na watoto, na baada ya saa nzima nikawaona wanarudi, mama katikati, amevushwa kwa mtumbwi wa jirani, kanga mbili mpya, mkoba begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mmefika salama?" Halafu akalitazama gari. Akalitazama tena, kutoka kwenye nyusi mpaka mlangoni. Akamgeukia bintiye, kwa sababu mambo mengine mama mkwe hamwambii mkwewe, akamnong'oneza kwa sauti ambayo niliisikia vizuri: "Sasa huku mimi ninapandaje?"

Katika hesabu zote, za difu, kifimbo, madigadi na vidole vitatu vya tope, hilo hatukulifikiria, si mimi, si mzee, si fundi bodi. Mtoto mmoja alirudishwa mbio nyumbani. Akaja na kigoda. Mimi nikageuka kutazama mto kama adabu inavyotaka, nikasikia nyuma yangu: "Shika hapa mama, huo mguu, huo mwingine, bismillahi," na mlango ukafungwa.

Kliniki aliiwahi. Kigoda kipo mpaka leo kwenye bodi la nyuma, kimefungwa kamba. Na Jumamosi inayokuja narudi Gerezani kwa yule kijana wa bodi. Mama ameagiza achomelewe ngazi, upande wa kushoto, na amesema isiwe ya kuteleza.